Taarifa Potofu za Afya Mtandaoni na Gharama ya Kungoja

Taarifa potofu za afya zinapozungumzwa, wengi hufikiria kwanza mtu aliyekunywa kitu cha hatari kwa sababu alikisoma mtandaoni. Matukio ya namna hiyo yapo: mwaka 2020 nchini Iran, mamia ya watu walifariki kwa sumu ya methanoli, aina ya alkoholi isiyofaa kunywewa, katika kipindi ambacho uvumi ulikuwa ukisambaa kwamba pombe hukinga au huponya UVIKO-19. Hata hivyo, sisi tunaoshughulikia elimu ya afya kwa umma tunatiwa wasiwasi zaidi na madhara yasiyotangazwa, yanayompata mtu asiyekunywa sumu yoyote, bali anayeahirisha kipimo, anayekatisha dawa alizoandikiwa, au anayeamua kungoja kwanza. Huyo hahesabiwi miongoni mwa waliodhuriwa na uvumi. Jalada lake hospitalini litaonyesha tu kwamba alifika akiwa amechelewa.

Saratani huonyesha gharama ya kungoja kwa uwazi wa kusikitisha. Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani walichapisha utafiti uliowalinganisha wagonjwa 281 waliochagua tiba mbadala peke yake na wagonjwa 560 waliopata tiba za hospitali, kama vile upasuaji, mionzi na tibakemikali. Wote walikuwa na saratani ambayo ilikuwa haijasambaa hadi viungo vya mbali, yaani katika hatua ambayo matibabu yana nafasi nzuri ya kufaulu. Kwa jumla, hatari ya kufa kwa waliotegemea tiba mbadala ilikuwa mara 2.5 ya ile ya wenzao, na kwa saratani ya matiti ilizidi mara 5.

Inafaa kuelewa jinsi mtu anavyofikishwa hapo, kwa sababu si kila anayechelewa amekataa matibabu. Wapo wanaosema watajaribu kwanza mchanganyiko fulani waliousikia ukisifiwa kwenye video, na ukishindwa watarudi kwa daktari. Shida ni kwamba uvimbe mdogo wa saratani mara nyingi hauumi. Mgonjwa anapoona wiki zinapita bila maumivu, huamini kwamba mchanganyiko unafanya kazi, na siku anapopata dalili ya kumshtua, uvimbe ambao ungeweza kuondolewa mapema huenda umeshafika kwenye mapafu au mifupa. Shinikizo la damu hudanganya kwa njia hiyohiyo. Kwa kuwa linaweza kukaa miaka bila dalili yoyote, aliyeacha vidonge hujiona mzima, hutoa ushuhuda mtandaoni kwa nia njema kabisa, na ushuhuda wake humfanya mwingine naye aache.

Kuna athari nyingine ambayo haifahamiki sana: taarifa zinazotisha zinaweza kumfanya mtu ahisi madhara ya dawa ambayo dawa yenyewe haikuyasababisha. Mwaka 2020, watafiti nchini Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha watu 60 walioacha dawa za statini, zinazopunguza lehemu kwenye damu, kwa sababu ya madhara waliyoyapata. Kwa mwaka mzima walipewa, kwa kupokezana na bila kujua tofauti, vidonge vya statini na vidonge visivyo na dawa, na miezi mingine hawakupewa chochote. Karibu asilimia 90 ya usumbufu waliouhisi walipomeza statini waliuhisi pia walipomeza vidonge visivyo na dawa. Si haki kuwaita watu hao waongo. Maumivu yao yalikuwa ya kweli. Kilichokosewa ni chanzo walichodhani kinayaleta.

Uvumi ukishapata nguvu, hata serikali huyumba. Nchini Japani, simulizi na video za wasichana waliodaiwa kuumizwa na chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, zilienea kiasi kwamba mnamo Juni 2013 serikali iliacha kuihimiza. Kiwango cha wasichana waliochanjwa kilishuka kutoka takriban asilimia 70 hadi chini ya asilimia 1. Utafiti uliofanyika katika mji wa Nagoya, uliochapishwa mwaka 2018 na kuhusisha wasichana wapatao 30,000, haukupata uhusiano kati ya chanjo hiyo na dalili 24 zilizochunguzwa, lakini serikali ilirejea kuihimiza Aprili 2022 tu. Wasichana wengi walipita umri wa kuchanjwa katika miaka hiyo.

Tusikimbilie kusema kwamba wanaoamini ni wasio na elimu. Tangu mwaka 1977 watafiti wa saikolojia wameonyesha kwamba kauli ikirudiwarudiwa huanza kuonekana ya kweli, na jambo hilo huwapata wasomi pia, hasa mtu anapokuwa na hofu na ujumbe ukawa umetumwa na ndugu anayempenda. Wahudumu wa afya nao wana sehemu yao. Mgonjwa anayesema, "Daktari, nimeona mtandaoni kwamba dawa hii inaua figo," kisha akajibiwa kwa karipio, hatauliza tena. Ataitikia kwa heshima, atachukua dawa zake, na uamuzi wenyewe ataufanyia nyumbani. Swali lake lingejibiwa kwa dakika chache, kwa kumweleza ni kipimo gani kinachoonyesha hali ya figo na lini kitafanywa.

Kwa msomaji, alama ya kuangalia kabla ya nyingine zote ni hii: je, ujumbe unakutaka uache au uahirishe jambo? Ukikutaka hivyo, usitekeleze kabla ya kuzungumza na daktari au mfamasia, hata kama aliyeuandika anajitambulisha kuwa mtaalamu. Zipo dawa ambazo kuziacha ghafla ni hatari kubwa. Aliyezoea dawa za kifafa anaweza kupata degedege mfululizo, na aliyetumia steroidi, yaani dawa zinazoiga homoni ya kotisoli, kwa muda mrefu anaweza kuzimia kwa sababu mwili wake umepunguza kutengeneza homoni hiyo wenyewe. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiacha insulini, anaweza kuwa mahututi ndani ya siku chache. Kama ujumbe umekutia hofu, nenda nao kliniki katika simu yako, umwonyeshe mhudumu, na uendelee kumeza dawa hadi mtakapokubaliana vinginevyo.