Barua ya LC Haimfanyi Mtoto Kuwa Wako Kisheria

Mwaka huu mama mmoja aliniwekea mezani barua ya mwenyekiti wa LC I, yaani baraza la kijiji hapa Uganda, imekunjwa mara nne, muhuri umeanza kufutika. Amemlea mtoto wa marehemu jirani yake kwa miaka mitano, na aliamini barua hiyo imemfanya mzazi wake kisheria. Nilipomwambia sivyo, aliushika mkono wa mtoto hata vidole vikabadilika rangi.

Barua kama hizi zinaongezeka, kwa hiyo naeleza tena. Mahakama ya Familia na Watoto ninamoketi kama hakimu haitoi amri ya kuasili, yaani ya kumfanya mtoto wa mwingine kuwa wako kisheria. Raia wa Uganda hupeleka ombi kwa Hakimu Mkuu. Asiye raia, Mahakama Kuu. Mwombaji awe na miaka 25 au zaidi na amzidi mtoto kwa miaka 21 angalau. Mwenye ndoa anahitaji ridhaa ya mwenzake, na mtoto aliyefikisha miaka 14 huulizwa mwenyewe. Kwanza lakini mtoto akae kwako katika malezi ya kambo (malezi ya muda) chini ya uangalizi wa afisa wa probesheni na ustawi wa jamii. Tangu Sheria ya Watoto irekebishwe mwaka 2016, kuasiliwa na mgeni ni njia ya mwisho kabisa, na asiye raia haruhusiwi kuomba ulezi wa kisheria, yaani mamlaka ya kumlea mtoto bila kumwasili.

Sasa wazazi, nisikilizeni. Kuasili si ufadhili wa masomo! Amri ikitoka, haki zako zote za uzazi zimekwisha, na mtoto atarithi kwa waliomwasili. Unaweza kuondoa ridhaa yako kabla amri haijatamkwa. Mwaka 2020 Marekani iliwawekea vikwazo Waganda kadhaa, wakiwemo majaji wawili, kwa madai kwamba wazazi wa vijijini waliahidiwa watoto wao watasomeshwa Kampala, kumbe wanaandaliwa kuasiliwa ng'ambo. Sitaongeza neno juu ya madai hayo. Ila sheria ya 2009 dhidi ya biashara haramu ya binadamu iko wazi: anayetumia kuasili kumnyonya mtoto anaweza kufungwa maisha.

Ukiahidiwa pesa au shule ili utie dole gumba kwenye karatasi usiyoielewa, usitie. Piga 116, simu ya msaada kwa watoto, bila malipo, au nenda kwa afisa wa probesheni wa wilaya yako.

Mama yule alikwenda. Afisa ameshafika kwake mara mbili, ameona godoro la mtoto na madaftari yake, na ripoti inaandikwa.