Tumeshinda, wamefungwa

Usiku wa tarehe 24 Januari 2024 nilikuwa kwenye kibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea mpira, pale Mwanga, Kigoma, Taifa Stars wanacheza na Congo ya Kinshasa kule Korhogo, Ivory Coast, mechi ya mwisho ya kundi AFCON, kombe la mataifa ya Afrika. Jezi za Simba na Yanga zimebanana benchi moja, kitu ambacho siku ya dabi hukioni.

Mi kazi yangu ni saikolojia, na usiku ule macho yaliacha tivii yakahamia kwa kijana mmoja mbele yangu, kavaa Yanga. Fiston Mayele yuko kwenye kikosi cha Congo. Huyu Mayele alipokuwa Yanga watoto wa Ujiji walikuwa wanatetema, ile staili yake ya kushangilia goli, mpaka kwenye foleni ya maji, sasa ile anaonyeshwa tu, kijana akanyanyua mikono apige makofi, ikaishia hewani, akaishusha taratibu magotini. Jamaa wa Simba pembeni yake yuko kwenye mtihani uleule, beki wao Henock Inonga nae ni wa Congo. Hakuna aliyewaambia wabadilike, kilichobadilika ni nani leo ni "sisi".

Na hiyo "sisi" haihitaji historia ndefu kama tunavyodhani. Miaka ya 70 mwanzoni mwanasaikolojia Henri Tajfel aliwachukua vijana wa shule Bristol, Uingereza, wa miaka 14 na 15, akawagawa makundi kwa vitu vya hovyo tu, mfano eti huyu kapenda picha za mchoraji huyu na yule za mwingine, tena ukweli ni kwamba mgao ulikuwa wa bahati nasibu. Hawajui mwenzao ni nani kwa jina, wanaona namba na kundi tu, halafu wakaambiwa wagawie wengine pointi zenye thamani ya hela. Wakapendelea kundi lao. Ila kilichonikaa kichwani tangu nikiwa chuo ni kwamba mara nyingi walikubali kundi lao lipate kidogo ilimradi wale wengine wapate kidogo zaidi, yaani tofauti ilikuwa tamu kuliko hela yenyewe.

Hapo ndo utaelewa fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ya Julai 2021 iliyochezwa hapahapa uwanja wa Lake Tanganyika, Simba kamfunga Yanga 1-0, mtaani nilisikia furaha ya kombe kidogo tu, kelele zote zilikuwa za "Yanga wamelala". Timu zote mbili ni za Kariakoo, moja ya 1935 nyingine 1936, na mtu hujipimi na wa mbali, unajipima na jirani.

Lakini duara linapanuka. Mark Levine na wenzake wa chuo cha Lancaster, Uingereza, waliwaita mashabiki wa Manchester United, wakiwa njiani mtu aliyepangwa na watafiti anaanguka mbele yao anashika kifundo cha mguu. Waliokuwa wametoka kuongelea timu yao walimsaidia mwenye jezi ya United, ila mwenye jezi ya Liverpool wengi walimpita. Kundi jingine waliongeleshwa kuhusu kupenda mpira kwa ujumla, hao mwenye jezi ya Liverpool walimsaidia karibu sawa na wa United. Aliyevaa fulana ya kawaida ndo akaachwa, na mimi huyo ndo ananiuma, maana kila duara tunalopanua kuna mtu anabaki nje.

Mechi ikaisha 0-0, Congo wakavuka, sisi nje. Nikaanza kusikiliza vitenzi. Mwanasaikolojia Robert Cialdini aliliona hili kwa wanafunzi wa Marekani mwaka 1976, timu ikishinda ni "tumeshinda", ikifungwa ni "wamefungwa", na kwenye Kiswahili linaonekana waziwazi kwa sababu limekaa mwanzoni kabisa mwa neno. Dakika ya 80 kibanda kizima kilikuwa "tunashambulia, tunawabana". Filimbi ya mwisho, mlangoni: "wametolewa, hawajui kufunga hawa."

Mzee mmoja anayeuza dagaa Kibirizi alikuwa kibandani na mkwe wake, kijana kutoka Uvira, Congo, dakika 90 hakufungua mdomo. Wote wanatoka wamenuna, mzee akamgeukia, "Haya baba, mmevuka. Hiyo mechi inayofuata tunacheza na nani?"

Kijana akacheka kwa mara ya kwanza usiku ule.