Kadi ya kliniki si silaha ya kampeni

Alikuja ofisini kwangu baada ya sala ya alasiri, kijana wa mtaani kwetu niliyemwona akikua akicheza mpira Makadara, hapa Mombasa. Siku hizi anamfanyia kampeni mgombea mmoja. Alifunga mlango, akaweka simu mezani na kunisogezea.

"Ami, tazama hii. Nikimtumia mheshimiwa, atatusikiza au hatatusikiza?"

Ilikuwa picha ya kadi ya kliniki. Jina la mama, jina la mtoto, tarehe za chanjo kwa kalamu ya buluu, na pale pa jina la baba, jina la mheshimiwa, mjumbe wa bunge la kaunti. Mama huyo si mke wake tunayemjua. Wala kijana na wenzake hawakukusudia kuitangaza. Walitaka kumpelekea nakala na maneno machache: ukiupinga mswada wetu katika bunge la kaunti, kadi hii itafika kila simu kutoka Likoni hadi Kisauni.

Mimi ni wakili, na kesi za faragha na kashfa nimezifanya miaka mingi, kwa hiyo nilianza na sheria. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inamlinda kila mtu, kiongozi akiwemo, asifichuliwe bila sababu habari za familia yake na mambo yake ya binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu majina ya watoto na hali ya afya kuwa data nyeti. Inampa nafasi mwandishi wa habari, ila pale tu ambapo kuchapisha kuna maslahi ya umma.

Kijana hakunyamaza, maana amesoma huyu. Akanitajia Sura ya Sita ya Katiba, ile ya uongozi na uadilifu. Na ni kweli, Ibara ya 75 inamtaka afisa wa serikali awe na mwenendo mwema hadharani na hata katika maisha yake ya binafsi. Wengi hukomea hapo wakadhani Katiba imefungua mlango wa chumba cha kulala. Lakini ibara inaendelea. Inakataza mwenendo unaogonganisha maslahi yake na kazi yake, unaotanguliza manufaa yake mbele ya yale ya umma, au unaoishushia hadhi ofisi. Hili la tatu ni pana, nakubali, na kila mwenye kisasi hulivutia upande wake. Ndiyo maana huwauliza wateja wangu kwanza kuhusu yale mawili ya mwanzo.

Hata hivyo, kilichonikera zaidi hakimo kwenye vifungu. Jambo lililo kwenye simu ile ama linawahusu wapiga kura ama haliwahusu. Kama linawahusu, basi ni lao, na kumuuzia mheshimiwa ukimya wako ni kuwaibia. Kama haliwahusu, huna ruhusa ya kulitoa, na kwa hiyo huna ruhusa ya kutishia kulitoa. Nimetafuta nafasi ya tatu miaka yote hii, sijaiona. Siri ya kushinikizia haimpi mwananchi habari yoyote. Inamtoa mwakilishi mikononi mwa waliomchagua na kumtia mikononi mwa mwenye picha. Leo mwenye picha anataka mswada mzuri. Kesho picha imefika kwa mwingine, naye anataka kiwanja cha umma.

Watu wa pwani tuna kusuta. Mtu akikusengenya, unakwenda mlangoni kwake mchana kweupe na mashahidi wako, unamuuliza mbele ya majirani: ulisema nini juu yangu? Ni jambo kali, na fedheha yake haisahauliki upesi. Lakini msutaji haendi kwa nambari isiyojulikana usiku wa manane, na hasuti kwa jambo lisilomgusa.

Wanaofanya kwa siri tumewaona kwingine. Novemba 1964, FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ilimtumia Martin Luther King ukanda wa sauti zilizonaswa katika vyumba vya hoteli alimolala, na barua isiyo na jina iliyompa siku 34. King na wenzake waliielewa kuwa inamtaka ajiue. Walioituma hawakuwa na uchungu na ndoa yake. Walitaka kumvunja kiongozi wa harakati za haki za weusi.

Kuna hoja moja nisiyoidharau, ya unafiki. Barney Frank, aliyekuwa mbunge Marekani na aliyejitangaza mwenyewe mwaka 1987 kuwa shoga, alishikilia kwamba kiongozi anayewatungia wenzake sheria za kuwaumiza hastahili kufichiwa kwamba yeye ni mmoja wao. Nikiwa Marekani pengine ningeyumba. Hapa Kenya, kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachokataza ngono ya "kinyume na maumbile", kinabeba kifungo cha hadi miaka 14, na jirani zetu Uganda, Oktoba 2010, gazeti moja lilichapisha picha na majina ya watu likiwaita mashoga na kutaka wanyongwe. Na picha ya faragha mara nyingi ina watu wawili. Mnafiki ni mmoja. Yule wa pili hakupigia kura mswada wowote.

Katika kadi ile, wa pili na wa tatu walikuwa mwanamke na mtoto wake mchanga.

Nikamuuliza kama ana kitu kingine. Akatelezesha kidole bila hamu hadi kwenye CR12, hati ya msajili inayoonyesha wakurugenzi, ya kampuni iliyopewa zabuni ya kuzoa taka. Mkurugenzi mmojawapo ni mke wa mheshimiwa. Alikuwa nayo tangu mwezi uliopita, akaiona haina ladha. Nikamwambia: hapa ndipo ndoa yake inapotuhusu sote, mwanangu. Hii ipeleke kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, na kwa mwandishi unayemwamini, bila kumdai mheshimiwa chochote.

Alifuta ile kadi mbele yangu. Kisha akanyamaza, akajishika kichwa.

"Ami, nilishawatumia wawili jana."

Tukaanza kuwapigia.