Maziwa hayafuti moshi mapafuni

Wakaushaji samaki kwenye mialo ya Mwanza huambiana tangu zamani: ukishinda kwenye moshi, kunywa maziwa, yatasafisha kifua. Maziwa ni lishe nzuri, lakini hushuka tumboni. Moshi umepita njia nyingine, ya hewa, na huko maziwa hayafiki.

Moshi wa kuni ukivutwa miaka mingi, kama ule wa sigara, huvimbisha na kubana njia za hewa, huzijaza makohozi, na hubomoa vifuko vidogo ambamo damu huchukua oksijeni. Vikishabomoka havirudi. Ndiyo maana mama asiyewahi kushika sigara anahema akipanda mawe ya mtaa wa Mabatini, Mwanza, na ndoo yake.

Anayekohoa wiki 2 apimwe kwanza kifua kikuu. Kisha aulizie kipimo cha kupuliza kwenye mashine, kinachoonyesha kama njia za hewa zimebana. Kusikiliza kifua pekee hakutoshi. Dawa kuu ya ugonjwa huu wa moshi ni ya kuvuta kwa pampu, inayolegeza misuli ya njia za hewa. Haiponyi, ila inarudisha pumzi ya kutembea, na kutembea kwenyewe ni tiba. Na tafadhali, mtoto asibebwe mgongoni mbele ya tanuri la samaki.