Bwana Masizi na wenzake: tunavyozidhania karata za Happy Families

Happy Families, yaani "familia zenye furaha," ni mchezo wa karata wa Kiingereza. Wengi hudhani ni karata zilezile za kawaida zilizobadilishwa picha. Sivyo. Humu hamna kopa, uru wala pau. Kuna familia tu, kila moja na karata nne: baba, mama, mtoto wa kiume na wa kike. Kazi ni ya baba, nao wengine wanatajwa kupitia kwake. Mr Bun (mkate mdogo) anaoka mikate, Mr Bones (mifupa) ana bucha, Mr Chip (kibanzi) ni seremala, Mr Tape (utepe wa kupimia) ni mshonaji. Mr Spade huwaponza wacheza karata, kwani jina hilo ndilo shupaza kwa Kiingereza, kumbe hapa ni sepetu: bwana huyu ni mtunza bustani. Majina yote ni mzaha wa namna hiyo. Zingetungwa kwetu, seremala angeitwa Bwana Randa na hakuna ambaye angehitaji kuelezwa.

Unamwomba mwenzako karata moja kwa jina lake, sharti uwe tayari na mtu wa familia hiyo mkononi. Akiwa nayo anakupa, unaomba tena. Asipokuwa nayo anajibu "hayupo nyumbani," na zamu inakuwa yake. Mwenye familia nyingi zilizotimia ndiye mshindi.

Dhana nyingine: eti michoro imeiga vitabu vya Alice, hadithi za watoto za Lewis Carroll zilizochorwa na John Tenniel. Karata ndizo zilizotangulia. Kampuni ya Jaques ya London ilizitoa 1851, mwaka wa Maonyesho Makuu ya Hyde Park. Michoro ya karata nayo hujulikana kuwa ya Tenniel huyohuyo, ingawa jina lake halikuwekwa. Wakati huo ndiyo kwanza alikuwa anaanza kuchorea gazeti la kejeli la Punch. Kitabu cha kwanza cha Alice kilikuja 1865.

Na hiyo "furaha" ya kwenye jina? Zitazame picha zenyewe: vichwa vikubwa kama mitungi, miili midogo, nyuso zilizopinda. Ni kejeli tupu, na kwa macho yangu baadhi zinatisha.

Mrs Bones, mke wa mwenye bucha, huchukuliwa kuwa mama wa nyumbani anayengoja mume arudi. Lakini sensa ya Uingereza ya mwaka uleule wa 1851 iliwaweka wake wa wenye bucha, wa wakulima, wa mafundi viatu na wa wenye nyumba za wageni katika majedwali ya kazi, maana duka lilikuwa chini, familia ikilala juu, na mama alihudumia wateja kama mumewe. Maneno "mke wa mwenye bucha" yalikuwa karibu sawa na cheo.

Anayenikaa moyoni ni mtoto wa Mr Soot, msafisha dohani. Jina hilo ni masizi. Watu husema watoto walikwisha kukatazwa kupanda madohani kufikia wakati huo, na ni kweli kwenye karatasi: sheria ya 1840 ilimzuia yeyote aliye chini ya miaka 21. Haikufuatwa. Iliyouma ni ya 1875, iliyowalazimisha wasafishaji kuwa na leseni ya kila mwaka kupitia polisi. Kwa hiyo karata zilipotoka, mtoto wa tajiri aliweza kuketi karibu na moto akiuliza kama Master Soot, yaani mtoto wa kiume wa Mr Soot, yupo nyumbani, na dohani lililo mbele yake limesafishwa na mtoto wa umri wake.