Kuunganisha Akaunti Si Kupanga Ujumbe kwa Saa

Kwa mara nyingine mteja ameniambia, kwa utulivu wa mtu asiyewahi kuijaribu kazi yenyewe, kwamba programu ya kukusanya WhatsApp, Telegram na Instagram mahali pamoja ni orodha tu: ujumbe mpya juu, wa zamani chini, kazi kwisha.

Suala la kuvuta ujumbe nitalipita haraka. Telegram imeweka wazi maktaba yake ya TDLib, yaani msimbo ulio tayari ambao wengine huweza kuutumia kuunda programu zao za Telegram, tangu 2018. WhatsApp haitoi mlango wa namna hiyo kwa akaunti za kibinafsi, kwa hiyo programu huingia kama kifaa kilichounganishwa, na mwenye nyumba akibadilisha kufuli unalala nje. Beeper, programu ya kukusanya ujumbe mahali pamoja, ilipowapa watumiaji wa Android njia ya kuingia iMessage, huduma ya ujumbe ya Apple, mnamo Desemba 2023, Apple iliiziba ndani ya siku chache.

Kinachonikera ni kuunganisha watu. Tuseme muuza simu wa Luthuli Avenue, Nairobi, ana laini mbili, moja ya duka na moja ya nyumbani. Asubuhi mteja anamwuliza bei ya skrini kwa Instagram, jioni anamwandikia kwa WhatsApp kwenye laini ya duka. Programu inayojiona erevu huyachanganya yote yakawa mazungumzo mamoja. Jibu sasa lipitie wapi? Likifuata njia iliyotumika mwisho, huenda likasomwa na mume wa mteja, ambaye huitumia simu yake pia. Na programu ikichagua laini ya nyumbani, mteja ataipiga saa tano usiku kuulizia skrini yake.

Kulinganisha namba si dawa. Namba inayoanza na 0722 na ile ya +254722 hazinisumbui, kwani zote hugeuzwa zianze na +254 kabla ya kulinganishwa. Lakini laini iliyolala hurudishwa sokoni ikapewa mtu mwingine, nawe ukamtia mgeni katika mazungumzo ya mtumiaji na mama yake mzazi.

Kwa hiyo mimi huyaweka mazungumzo chini ya jina moja bila kuyachanganya, tena mtumiaji mwenyewe akikubali, na jina la akaunti inayotuma halifichwi kamwe. Baadhi ya wanaoijaribu programu yangu hulalamika kwamba hilo linawachosha, na sina hakika kwamba wamekosea. Seva ya kati inayofungua ujumbe uliosimbwa (uliofichwa usisomwe na asiyeandikiwa) ili kuupanga upya siijengi, hata kama kuiachia simu kazi yote kunakula betri kuliko ninavyopenda.