Kwa nini mabaki ya Marcus Thrane yalirudishwa Norwei baada ya miaka 59?

Marcus Thrane, mwanzilishi wa chama cha wafanyakazi nchini Norwei, alifariki mwaka 1890 huko Eau Claire, mji wa jimbo la Wisconsin, Marekani, akazikwa hukohuko. Mwaka 1949 kaburi lilifukuliwa na mabaki yake yakavushwa bahari hadi Oslo, alikozaliwa 1817. Ni nchi ileile iliyomfunga jela.

Babu yake alikuwa mfanyabiashara tajiri, lakini baba alitumia vibaya fedha za benki na jina la familia likaingia doa. Marcus akakulia katika dhiki. Alisomesha watoto, kisha akawa mhariri wa gazeti mjini Drammen. Mapinduzi ya Paris ya 1848 yalimwasha moto. Makala zake zikawa kali na kazi ikaota mbawa. Mwisho wa mwaka huohuo, tarehe 27 Desemba, alianzisha chama cha wafanyakazi hapo Drammen.

Kilienea kama moto wa nyikani. Ndani ya miaka miwili na nusu kulikuwa na matawi karibu 400 na wanachama wapatao 30,000. Wengi hawakuwa watu wa viwandani bali husmenn: mtu na familia yake wanakaa kwenye kibanda na kijishamba ndani ya ardhi ya mwenye shamba, na kodi wanailipa kwa jasho, siku kadhaa za kazi kila wiki. Kwa vile kijishamba hicho hakikuandikwa kwenye daftari la ardhi la serikali, husmann (mmoja wa husmenn) hakuwa na kura. Analima, anavuna, lakini hana sauti.

Mwaka 1850 Thrane alimpelekea Mfalme Oscar I ombi lenye sahihi karibu 13,000. Waliomba kura kwa wanaume wote, shule bora, ushuru wa nafaka uondolewe, na hali ya husmenn irekebishwe. Kwangu mimi sahihi hizo ndizo kiini cha habari yote. Husmann aliyeandika jina lake pale alijua mwenye shamba anaweza kulisikia, na kibanda anacholala ni cha huyohuyo.

Mfalme alikataa. Mkutano mkuu wa Juni 1851 ulipitisha azimio la mapinduzi, kisha ukalifuta, lakini serikali ilishapata kisingizio. Julai hiyo Thrane alikamatwa. Alikaa mahabusu miaka minne kabla Mahakama ya Juu haijamaliza kesi mwaka 1855, kisha akatumikia kifungo hadi 1858. Alipotoka, vyama vilikuwa vimesambaratika. Akaishi kwa kupiga picha za watu. Mkewe Josephine alifariki 1862, na muda mfupi baadaye Thrane akahamia Marekani na watoto, ambako aliendelea kuchapa magazeti kwa Kinorwei.

Kura kwa wanaume wote ilikuja 1898, na kwa wanawake 1913. Kufikia 1949 waziri mkuu alikuwa Einar Gerhardsen, mjenzi wa barabara wa zamani aliyepanda kupitia chama cha wafanyakazi wenzake, na chama cha siasa kiitwacho Chama cha Wafanyakazi ndicho kilichoshika bunge. Watu wa namna ile waliotia sahihi 1850 sasa ndio waliokuwa na mamlaka ya kumrudisha nyumbani. Walimzika kwenye makaburi ya Vår Frelsers gravlund mjini Oslo, katika eneo la heshima, wanakolala waandishi mashuhuri Ibsen na Bjørnson.